Mwaka Kocha Alipokojoa Damu

Jioni ya kumwombea Kocha Oluoch tulikaa nyumbani kwake, mtaa wa Tena, katika sebule ileile ambamo mkewe aliwahi kunipasua kichwa kwa mwiko wa ugali. Makochi ni mapya, lakini vitambaa vya kufuma ni vilevile. Nilikaa chini ya picha ya Kocha ya ujana, ngumi zimekunjwa, kidevu kimefichwa begani, nikajikuta napapasa kovu lililo juu ya sikio langu la kushoto. Mama Akinyi, mjane wake, akaniona. Aliniletea chai, akainama na kuninong'oneza, "Bado liko?" Nikamwambia liko. "Nisamehe, nyathina, mwanangu," akasema. Nikamjibu kwamba nilishamsamehe kitambo, na ni kweli, ingawa siku za baridi kovu lenyewe halimsamehe mtu. Vijana waliokuja kuomba walikuwa wananitazama, mama mnene wa karibu miaka hamsini, wakijiuliza mimi ni nani hapo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna mwaka ambao jina langu lilitajwa kuanzia Umoja hadi Mathare, na kwamba lilitajwa kwa sababu ya mkojo wa marehemu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilikaa Mathare, chumba cha mabati karibu na mto, peke yangu. Asubuhi niliwafulia watu nguo Eastleigh, na alasiri nilikwenda kwa miguu hadi ukumbi wa mtaa kule Umoja, nikikimbia, kwa kuwa Kocha alisema nauli ni ya wavivu. Ukumbi ulinuka jasho, dawa ya misuli na githeri ya mahindi na maharagwe ya mama aliyeuza dirishani. Ulingo wetu ulikuwa magodoro yaliyoshonewa turubai, na kamba zake zilitoka kwenye lori bovu. Nilikuwa msichana pekee. Kocha hakunibembeleza. Alivaa kizibao kinene cha ngozi kilichojazwa sponji, akasimama katikati, nasi tukampiga tumbo na mbavu mmoja baada ya mwingine huku akitutukana. "Hiyo ni ngumi ama unanikanda mgongo? Mguu, Njoki! Mguu kwanza, halafu kiuno, halafu ngumi!" Ngumi yangu ilikuwa ya mkono wa kushoto, ile ya kuzungusha, inayomwingia mtu chini ya mbavu za kulia. Niliipenda kupita kiasi. Nilipenda ule mguno mtu anaoutoa ikimpata. Sijui niandike nini kingine kuhusu hilo. Kupiga watu kulinipa raha, na bado sijaona aibu.

Bondia akipigwa sawasawa kiunoni, kesho yake anakojoa damu. Kila bondia analijua hilo, na kwetu hakuna aliyeona haja ya kulipeleka kwa daktari. Tuliiita risiti. Ukipata risiti unapumzika wiki hivi, unakunywa maji, inaisha. Na palikuwa na sheria yake: aliyekupa risiti ndiye anayekupikia supu ya kichwa na miguu ya mbuzi, anakuletea bakuli kwa mikono yake mwenyewe, nawe unainywa wima mlangoni mwa ukumbi huku wengine wote wakipiga makofi. Baada ya hapo hakuna kinyongo. Aliyepika alitembea kifua mbele mwezi mzima, maana kutoa risiti si mchezo. Nikiwaeleza vijana wa leo wananitazama kana kwamba tulikuwa vichaa. Tulikuwa vichaa.

Siku moja Kocha aliingia ukumbini akasimama bila kuvaa kizibao. "Jana nani alinipiga kiunoni, upande wa kulia?" Kamaa, bondia wetu mzito, kijana wa Kayole mwenye shingo ya fahali, akaninyooshea kidole. "Ni huyu, Kocha. Alikuwa anakuchapa hapo kama mtu anaua nyoka." Kocha akanitazama, kisha akacheka hadi akashika kamba. "Basi huyu msichana amenipa risiti. Mimi! Kupitia kizibao! Njoki, nenda ukapike." Ukumbi ulilipuka. Nilipika ile supu huku nalia kwa furaha, na Kocha aliinywa mlangoni yote, akalamba na bakuli, na kuanzia hapo hakuna aliyeniita Njoki tena. Niliitwa Risiti. Makanga wa matatu walinisalimia, "Niaje, Risiti!" Wanaume waliokuwa wakinishika mkono njiani walianza kunipisha. Hata Gitau, keateka, mwangalizi wa ploti yetu ya kupanga, ambaye alikuwa na tabia ya kuegemea milango ya wasichana wanaokaa peke yao, aliacha kuegemea wangu. Kwa mara ya kwanza nililala usingizi mzito.

Gitau alijisahau mara moja tu. Alikuwa amelewa, mchana kweupe, akanisukumia ndani na kufunga mlango kwa mgongo wake. Nilimpiga kwa mkono wa kulia, na paji la uso wake lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Nilisikia mfupa wa mkono wangu ukilia. Nikammalizia kwa ule wa kushoto. Alitema jino kwenye beseni la nguo za watu. Majirani walimtoa wakimburuta miguu, na mimi nikaenda kufungwa plasta. Kocha alipoiona alinizuia kabisa kuingia ulingoni. Akanipa kazi ya kupaka glavu mafuta kwa mkono mmoja, nikakaa pembeni wiki baada ya wiki, na kukaa huko pembeni ndiko kulinifungua macho. Mtu anayepiga haoni vizuri. Niliona kaptura ya Kocha imefungwa kwa kamba ili isidondoke. Niliona miguu yake imevimba hadi ameacha kufunga viatu. Alipovua fulana niliona mishipa ya tumbo imetuna, minene, imejikunjakunja chini ya ngozi. Akipanda ngazi mbili za jukwaa lililobeba magodoro yetu alikuwa akihema mdomo wazi, kisha anavaa kizibao, anasimama katikati, na wale wanaume wanamtwanga kama kawaida.

Nyuma ya choo cha ukumbi palikuwa na ukuta wa mabati, na siku moja niliwasikia Kamaa na Abdi wakiongea upande wa pili. Abdi alikuwa mwembamba, wa uzito wa chini, mtoto wa wauza vitambaa wa Eastleigh. "Buda anakonda, manze," alisema, akimaanisha Kocha. "Ni ile risiti ya Risiti. Haijawahi pona." Kamaa akapiga mluzi. "Wee! Huyo dame ako na mkono. Miezi yote hiyo?" Nami nikiwa upande wangu wa mabati, glavu mapajani, nilitabasamu. Nilijiona mtu hatari.

Jumapili moja nilikwenda Tena kumjulia hali. Mama Akinyi alikuwa anasonga ugali. Alinifungulia mlango akiwa na mwiko mkononi, akaniangalia plasta, akaniangalia uso. "Ni wewe," akasema. "Asubuhi hii tena amejaza choo damu. Damu nzito, na mabonge! Mume wangu alikukosea nini?" Nilifungua kinywa nieleze. Mwiko ulinipata juu ya sikio, upande wa ubapa mara ya kwanza, upande wa ukingo mara ya pili. Ugali wa moto ukanishika shingoni. Nilianguka kati ya meza na kochi, akanijia juu, mwanamke mkubwa, akinipiga popote mwiko ulipofika, akipiga kelele kwa Kiswahili na Kijaluo. Ningeweza kumpiga. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Badala yake nikaunyanyua ule wa plasta mbele ya uso na kupaza sauti, "Mama, sijampiga! Sijaingia ulingoni tangu nivunjike! Angalia! Nitampigaje?" Mwiko ukasimama juu. Akaiangalia plasta, sasa ya kijivu, imechakaa kingo. "Sasa ni nani?" akauliza. "Kama si wewe, ni nani anamtoa damu?" Alikaa sakafuni kando yangu, akaanza kunipangusa kwa kanga yake.

Aliniambia, akiniosha kwa maji ya chumvi, kwamba amemwomba Kocha mara nyingi aende hospitali, naye anakataa. Kocha mwenyewe akatokea chumbani, ameshika ukuta. "Niende nikawaambie madaktari nimepigwa na msichana? Ni risiti hii. Ngumi nzuri hukaa mwilini." Nikasema risiti haikai miezi. "Yako inakaa," akanijibu, na akanitabasamia, akinipa sifa kama anayempa mtoto peremende. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilielewa kwamba ananitumia. Alikuwa anaogopa jambo alilokuwa nalo, amejificha nyuma ya ngumi yangu, na nisipoiondoa hiyo ngumi atafia hapo. Na kuiondoa maana yake ilikuwa kuliondoa jina langu, lile lililomfanya Gitau anipishe njia. Nilirudi Mathare nimefungwa kichwa kitambaa, nikikasirika njia nzima, nikimkasirikia yeye na ujanja wake.

Kesho yake nilisimama katikati ya ulingo. "Kocha, kama ngumi yangu ndiyo inakutoa damu, iwatoe na hawa. Nitawapiga wote palepale, bila kizibao. Kesho kila mtu alete mkojo wake kwenye chupa tuuone. Mkojo wao ukiwa safi, wewe unaenda hospitali." Kamaa akasema, "Umewehuka? Kwani sisi ni ng'ombe?" Lakini Kocha alipenda mambo ya namna hiyo. "Na wakileta damu?" akauliza. Nikamwambia nitanyamaza na sitamsumbua tena. "Haya," akasema, akakaa kwenye stuli. "Panga foleni."

Walipanga. Walivua mashati, wakainua mikono vichwani, wakakaza matumbo. Nilivaa glavu nyembamba ya mkono wa kushoto, ule wa plasta nikauweka mgongoni. Sikumhurumia mtu. Mguu kwanza, halafu kiuno, halafu ngumi. Wa kwanza alitapika githeri kwenye turubai. Aliyefuata alikaa chini polepole akisema "ngoja, ngoja, ngoja." Abdi alisoma dua, akapigwa, akaimalizia dua akiwa amepiga magoti. Nilikuwa nalia na kupiga, maana nilitaka mambo mawili kwa pamoja: nilitaka wote wakojoe safi ili Kocha apone, na nilitaka damu, nilitaka damu ya kila mmoja wao, nibaki Risiti. Kamaa alikuwa wa mwisho. Alinichekea. "Kuja na yote, madam." Nikaja na yote. Nilihisi ngumi ikizama mahali ambapo ngumi haipaswi kufika. Cheko lilikatika, akaenda goti moja, akajiuma mdomo hadi ukachanika, kisha akasimama na kusema, "Kawaida tu."

Alasiri iliyofuata walileta chupa. Za soda, za maji, moja ya sharubati. Tukazipanga dirishani kwenye jua, mama wa githeri akahamisha sufuria yake akitulaani. Kamaa alichelewa, akaja anatembea wima mno, akaweka ya kwake mwishoni. Manjano, manjano, manjano. Hakuna tone la damu. Mtu mmoja nyuma akacheka, "Kumbe Risiti ni feki!" Na wengine wakacheka, wanaume waliokuwa bado wanashika mbavu. Uso ulinichoma. Lakini Kocha hakucheka. Alizitazama zile chupa, moja moja, na nikaona woga umemfikia. Akainuka. "Bado mmoja," akasema. "Mimi. Nipige tena, hapahapa, tuone." Akavua fulana. "Nipige!" Nikarudi nyuma. Akanizaba kofi, kofi la mtu aliyekuwa bondia, nikaona nyota. "Nipige, wewe mwoga!" Mkono wangu wa kushoto ulijikunja wenyewe. Mungu ni shahidi, ulikuwa njiani. Niliushika kwa vidole vilivyotoka kwenye plasta, nikauficha nyuma, nikamwambia, "Hapana, Kocha. Tuliahidiana." Akanizaba la pili. Kamaa na Abdi wakamshika, naye akaishiwa pumzi mikononi mwao, akawa anahema kama anazama. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Tafuteni shati langu."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alituweka mbele ya picha ya skani, Kocha, Mama Akinyi na mimi, akaifuata kwa kalamu. Saratani ilikuwa imeanza kwenye figo ya kulia. Haikukaa huko. Iliingia kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu, ikapanda nao juu, kama mzizi ulioingia kwenye paipu ya maji, na ncha yake sasa ilikuwa ndani ya moyo. Ndiyo maana miguu ilivimba na mishipa ya tumbo ikatuna. Damu ilikuwa inatafuta njia nyingine. Mama Akinyi alimweleza, kwa aibu, habari za kizibao. Daktari akaweka kalamu chini. "Mlikuwa mnampiga hapa? Mwaka mzima? Kipande kingekatika kikaenda mapafuni. Ngumi moja tu ingetosha, angekufa amesimama." Kocha aligeuka akaniangalia mikono. Mimi nilikuwa nimeikalia.

Siku ya upasuaji tulikaa benchini na mandazi yaliyopoa. Ndani, walikuwa wanamfanyia Kocha kilichozidi yote aliyowahi kufanyiwa ulingoni. Walimpasua kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, wakakata mfupa wa kifua kwa msumeno, wakausimamisha moyo na kuiachia mashine kazi, wakang'oa figo, wakavuta kile kitu kutoka ndani ya moyo na mshipani kote. Mama Akinyi alinishika mkono uliokuwa umetoka kwenye plasta hivi karibuni, akauminya hadi nikauma meno. "Wewe ndiye uliyemleta," akasema bila kunitazama. "Akifia humo, nitakumaliza. Nakwambia ukweli." Nilimwamini. Kocha alipoamka, siku kadhaa baadaye, mirija kila mahali, neno lake la kwanza kwa sisi tuliosimama pale lilikuwa, "Nani amenipiga?" Kamaa akamwambia ni madaktari. Kocha akafumba macho. "Wapikieni supu," akasema. Na Mama Akinyi aliipika kweli, akaipeleka wodini kwenye chupa ya chai, na yule daktari akainywa wima mlangoni bila kujua kwa nini tunampigia makofi.

Kocha aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kilichomwondoa mwishowe ni sukari. Mimi sikudumu ulingoni. Jina lilipokwenda, lilikwenda na kitu. Niliitwa Feki ukumbini, na mitaani pia. Gitau alirudi kuegemea mlango, nikahamia Tassia nisije nikamuua. Nilipigana mapambano mengine machache, lakini kila nilipoituma ile ngumi ya kushoto niliziona zile chupa dirishani, nikaipunguza njiani. Nikaacha. Nimeuza mitumba, nimelea watoto, nimeishi vizuri tu, huku nikijua kwamba kitu nilichokipenda kuliko vyote sikuwahi kuwa nacho.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani jioni ile ya maombi Kamaa alipokuja kukaa kando yangu. Sasa ana kitambi na magoti mabovu. Tulikula, kisha akasema, "Risiti, kuna kitu nataka nikwambie kabla na mimi sijaenda." Nikamwambia hakuna anayeniita hivyo. "Mimi nakuita. Ile chupa yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya Abdi. Alinijazia njiani." Sikuelewa. Akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Niliamka asubuhi nikakojoa damu tupu, madam. Nilikojoa damu wiki nzima. Nilidhani nakufa."

Nilitaka kumpiga. Hapo kwenye makochi ya marehemu, nilitaka kumng'oa meno yaliyobaki. "Miaka yote hii, Kamaa? Niliacha ngumi! Niliacha kwa sababu yako!" Watu waligeuka. Kamaa hakujitetea. "Ningeleta damu yangu pale dirishani, mzee angefanya nini?" akauliza. "Si angesema, mnaona? Angerudi nyumbani na risiti yake. Angekufa mwaka uo huo." "Na mimi?" nikamwuliza. "Wewe ungepona hiyo aibu," akasema. "Yeye hangepona." Halafu akafuta uso kwa kiganja, mwanaume mzima, akasema, "Lakini sijawahi kupigwa hivyo tena. Na mtu yeyote."

Niliinuka, nikaenda jikoni. Palikuwa na supu ya waombolezaji, ya mbuzi. Nikachota bakuli, nikamimina pilipili anavyopenda, nikairudisha sebuleni kwa mikono miwili, na nilikuwa na furaha, matangani, furaha ya kunitia aibu. Kamaa aliniona nakuja, akashika kochi, akajiinua kwa yale magoti yake, akaenda akasimama mlangoni. Akanywa wima. Vijana walitutazama. Mama Akinyi aliacha kukusanya vikombe. "Hiyo ni nini?" akauliza. Kamaa akashusha bakuli, akajipangusa mdomo. "Ni risiti, Mama. Ya siku ile." Mama Akinyi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama picha ukutani. Kisha akaweka vikombe chini, akaanza kupiga makofi.